Rekodi ya Bruno Walter akifanyisha mazoezi ya Linz ya Mozart (1955): nisikilize nini hasa?

MwalimuKwaya_Moshi

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wa rika langu.

Nafundisha kwaya ya usharika hapa Moshi. Sauti nne, solfa, na kinanda kimoja. Sijawahi kukaa ndani ya okestra hata siku moja. Hivi karibuni rafiki alinitumia rekodi ya zamani ya Bruno Walter akiwafanyisha wapigaji mazoezi ya simfonia ya Mozart iitwayo Linz, New York, mwaka 1955. Nimeisikiliza kwenye daladala, nimeisikiliza nikipiga pasi. Inanivuta, ila siwezi kueleza inanivutaje.

Shida yangu ni hii. Wanapiga noti chache, mzee anawasimamisha. Anasema jambo kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kijerumani, anaimba kidogo kwa sauti yake ya uzee, wanarudia. Mara nyingine nasikia kwamba kuna kilichobadilika lakini siwezi kukitaja. Mara nyingine sisikii tofauti yoyote, naye anaendelea mbele kwa kuridhika. Na pale mwanzo kabisa, penye mwendo wa polepole, anakaa muda mrefu juu ya noti ambazo mimi ningezipita bila kugeuka.

Nataka nipate kitu cha kuwapelekea waimbaji wangu. Nisikilize nini hasa? Na je, zipo rekodi nyingine za namna hii zinazomfaa mtu asiyejua okestra?

Fidla254

Karibu sana, mwalimu. La kwanza: usisikilize bila nota. Ingia maktaba ya nota ya mtandaoni iitwayo IMSLP, tafuta Mozart, K. 425 (hiyo ndiyo namba ya Linz katika orodha ya kazi zake), pakua nota kamili bure. Hata kama umezoea solfa, utaweza kufuata mistari inavyopanda na kushuka. Ukiwa na karatasi mbele yako utaona kwamba hakuna fluti wala klarineti humo: ni obo mbili, basuni mbili, pembe mbili za shaba, tarumbeta mbili, ngoma za timpani, na nyuzi. Ukishajua nani yupo, sikio halitafuti asiyekuwepo.

La pili nawaachia wakubwa. Mama Chelo, uko wapi?

MamaChelo

Niko, Fidla. Marahaba, mwanangu wa Moshi.

Nimefundisha chelo Nairobi miaka mingi, na nimekaa kiti cha mwisho cha chelo katika okestra ya watu wa kujitolea, mahali ambapo kiongozi humwona kwa mbali na sauti yake inakufikia baada ya kupita kwa wenzako wote. Rekodi hiyo uliyotumiwa naipenda kuliko simfonia nyingi zilizokamilika nilizo nazo ndani. Kwa hiyo nivumilie, nitasema kwa urefu.

Anza na kujua nani yuko chumbani. Walter alizaliwa Berlin mwaka 1876. Siku hizo za Aprili 1955 alikuwa na miaka 78. Ujanani alikuwa msaidizi wa mtunzi Gustav Mahler, na Mahler alipofariki, ni yeye aliyeongoza Simfonia ya Tisa ya bwana huyo kwa mara ya kwanza, Vienna, 1912. Mwaka 1933 alilazimika kuondoka Ujerumani kwa kuwa ni Myahudi. Mwaka 1938 Hitler akaichukua Austria, Walter akapoteza makao ya pili. Mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Marekani. Huyo ndiye mzee unayemsikia akiimba kwa sauti ya kukwaruza.

Na wapigaji? Jina la okestra linaandikwa Columbia Symphony Orchestra, lakini hilo lilikuwa jina la kampuni ya santuri kwa wapigaji iliowakusanya kwa kazi ya kurekodi. Hawa ni mafundi wa New York, watu wa kuwekewa karatasi wasiyoijua na kuipiga papo hapo bila kukosea. Hapo ndipo ufunguo ulipo, mwanangu. Wewe ukisimamisha kwaya, mara nyingi ni kwa sababu sauti ya tatu imepotea au besi wamechelewa. Walter hana shida hiyo hata kidogo. Noti zote ziko sawa tangu mara ya kwanza. Kwa hiyo kila anaposimamisha, usitafute kosa. Jiulize: ni nini kilikuwa sahihi na bado hakikumtosha?

Sasa turudi pale mwanzo ulipopataja. Simfonia inafunguka na Adagio, yaani mwendo wa polepole, mapigo matatu, okestra nzima kwa nguvu: noti ndefu, kisha noti fupi sana inayorukia noti ndefu nyingine. Mkono wa mpiga nyuzi una tabia yake. Ukivuta upinde kwa noti ndefu, nguvu inakwisha kabla noti haijakwisha. Kisha ile fupi inachukuliwa na kipande kidogo cha upinde, inatoka kavu, imenyongwa, nusu yake haisikiki. Wapigaji ishirini wakifanya hivyo kwa pamoja, noti zote zipo kwenye karatasi lakini masikioni unapata vishindo vyenye matundu katikati. Mzee anataka matundu yazibwe. Anataka ndefu ishikwe hadi mwisho wake na fupi iwe na mwili, iwe na sauti ya kuimbika.

Fanya hivi. Chukua kipande cha kama nusu dakika, kabla hajasimamisha na baada ya kurudia. Usisikilize fidla, maana sikio la kila mtu hukimbilia juu. Shika chelo na besi tu. Sikiliza ile noti fupi: je, unaweza kuiimba ukaitaja ni do au ni sol, au ni mkwaruzo tu? Kisha sikiliza baada ya kurudia. Ukishaipata tofauti hiyo mara moja, rekodi yote itafunguka, kwa sababu ombi lake kubwa linarudi katika kila ukurasa: imbeni. Anawaambia watu wenye vyombo vya mbao na shaba mikononi waimbe. Hapati la kusema, anaimba mwenyewe. Na mara nyingi hasimamishi kabisa. Anasema na kuimba juu ya muziki unaoendelea, nao wanageuka wakiwa safarini.

Kuna jambo moja ambalo rekodi haiwezi kukupa, nawe usijilaumu kwa kutolisikia. Mikono. Macho. Yale unayosema "sisikii tofauti, naye anaridhika", mengine ni hapo: alikuwa ameomba kitu kwa kiganja cha kushoto, wakampa, sisi tumebaki na ukimya. Napenda sehemu hizo. Husikii neno lolote, halafu ghafla fidla za pili zinashuka chini ya obo na obo inasikika. Mtu fulani aliwatazama.

Sehemu ya pili, ile ya polepole, usiipite. Mozart ameweka tarumbeta na timpani ndani yake, jambo lisilokuwa la kawaida kwa sehemu ya polepole enzi hizo. Vyombo vya gwaride vimeambiwa vinong'one. Sikiliza jinsi ilivyo kazi kuvinyamazisha bila kuviua.

Na hili lanigusa kila mara: Mozart alifika Linz mwishoni mwa Oktoba 1783, tamasha limepangwa tarehe 4 Novemba, na hakuwa amebeba simfonia hata moja. Alimwandikia baba yake kwamba anaandika mpya mbio mbio. Kazi ya siku chache. Miaka zaidi ya 170 baadaye mzee anakaa juu ya vipimo vyake vya kwanza kana kwamba vimechongwa kwenye jiwe, na kila akichimba anakuta bado kuna kitu.

Besi_ya_Tanga

Mama, shikamoo. Nimesoma kwa raha, lakini niruhusu nipinge kidogo. Mimi naimba besi tangu utoto na nimeongozwa na wapole na wakali. Kwaya iliyoimba vizuri kuliko zote ilikuwa ya mwalimu mkali kupindukia. Ukikosa unatolewa nje mbele za watu. Nimesikia rekodi za Toscanini, yule kiongozi wa okestra wa Kiitaliano, akiwafokea wapigaji besi, anapiga kelele kwa Kiitaliano mpaka sauti inakatika. Halafu ukisikia tamasha lenyewe, okestra inakata kama wembe. Sasa huoni kwamba ukali ulizaa matunda?

MamaChelo

Marahaba, Besi. Swali lako ni la haki, na Toscanini siwezi kumwacha aende hivi hivi, maana ni mpiga chelo mwenzangu.

Alizaliwa Parma mwaka 1867. Akiwa na miaka 19 alikuwa kwenye chelo huko Rio de Janeiro, kundi la opera limegombana na viongozi wake, akasukumwa mbele akaongoza Aida, opera ya Verdi, usiku huo bila nota, kichwani. Mwaka uliofuata alirudi kwenye chelo akapiga La Scala, jumba la opera la Milano, opera ya Verdi iitwayo Otello ilipofunguliwa kwa mara ya kwanza, Verdi mwenyewe akiwa papo hapo. Kwa hiyo alipokuwa mzee New York, mbele ya okestra ya shirika la redio la NBC iliyoundwa kwa ajili yake mwaka 1937, alikuwa na Verdi masikioni, Verdi aliyemsikia yeye mwenyewe akisema anachotaka. Hasira yake ilitoka huko. Alisikia kitu ambacho wengine chumbani hawakuwahi kukisikia, na muda ulikuwa unakwisha.

Lakini vipande vya kufoka ndivyo vinavyosambazwa, kwa sababu ni vifupi na vinasisimua. Nakuomba utafute mazoezi ya La traviata, opera nyingine ya Verdi, aliyoongoza kwa ajili ya redio, Desemba 1946. Ana miaka 79. Anaimba kila kitu: Violetta, Alfredo, baba mtu, kwaya, fidla, kwa sauti ya kukwaruza isiyo na aibu yoyote. Sikiliza okestra chini yake. Pale anapofoka, wanapiga kwa pamoja zaidi na kwa nguvu zaidi, sikatai, na wembe wako unao. Pale anapoimba, wanaanza kupumua. Mwendo unalegea kidogo anapolegea, unakaza anapokaza, bila mtu kuambiwa "sasa legeza". Mimi nikilinganisha vipande hivyo viwili, najua ni kipi ningependa kukaa ndani yake na chelo yangu.

Na kumtoa mtu nje mbele za watu, hapana. Wale wa NBC walikuwa watu wazima wenye mshahara na mkataba. Mwimbaji wa kwaya ya mtaani amekuja baada ya kazi, amepanda gari kwa nauli yake. Mambo hayo hayalingani, na nimeona vijana wenye sauti nzuri wakiacha muziki moja kwa moja kwa sababu ya jioni moja ya namna hiyo.

Mtoto wa Kikwajuni

Assalam aleikum. Mimi ni fundi mitambo, si mwanamuziki, ila nimelelewa kwenye taarabu Unguja, na fidla, chelo, besi, ganuni na udi zote nimezirekodi. Kwetu hapasimami mtu mbele na kijiti. Anayeongoza amekaa humo humo na chombo chake, anatoa ishara kwa upinde au kwa jicho. Kwa hiyo hapo Mama aliposema "mtu fulani aliwatazama" nimemwelewa kabisa.

Nilitaka kuongeza la kiufundi. Rekodi nyingi za mazoezi mnazozitaja ni za baada ya vita, na sababu yake kubwa ni ukanda wa sumaku. Santuri ya zamani ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba dakika nne hivi kwa upande. Nani angepoteza sahani kwa mzee anayesema "rudieni"? Redio kama NBC zilikuwa na sahani kubwa za inchi 16, kama robo saa kwa upande, ndiyo maana mazoezi ya Toscanini yalinaswa mapema. Wajerumani wa kampuni ya AEG walionyesha mashine ya ukanda mwaka 1935, lakini huko Marekani mashine hizo ziliingia kazini baada ya vita. Kuanzia hapo unaweza kuacha mashine izunguke na watu wasahau kwamba ipo. Mwaka 1948 Columbia wakatoa santuri ndefu, na hapo ndipo ikawezekana kuuza mazoezi marefu pamoja na wimbo uliokamilika katika kasha moja, kama walivyofanya na hiyo Linz.

Jambo la pili: maikrofoni imewekwa kwa ajili ya okestra, si kwa ajili ya maneno ya kiongozi, naye amewageukia wapigaji. Ukikosa neno, usipandishe sauti ya spika mpaka mvumo wa ukanda ukuumize. Vaa spika za masikioni, punguza besi kidogo. Studio ya NBC, ile 8-H, ilikuwa kavu, haina mwangwi. Watu waliilaumu kwa matamasha, lakini kwa mazoezi ni neema: kila kosa na kila neno linasikika.

MwalimuKwaya_Moshi

Wa aleikum salaam, fundi, na ahsante sana. Shikamoo tena Mama.

Nimefanya ulivyoniambia. Nota mezani, spika za masikioni, nimefunga sikio la fidla nikashika besi. Nimeisikia! Ile noti fupi mwanzoni ilikuwa kama mtu amegonga meza. Baada ya kurudia ilikuwa noti kweli, niliiimba.

Kisha nikaenda mazoezini na masikio hayo hayo, na nikasikia jambo ambalo nimekuwa nikilipita. Tuna wimbo wenye "milele na milele". Kwa kuwa mkazo uko kwenye "le" ya kwanza, waimbaji wangu wanaibeba hiyo vizuri, kisha "le" ya mwisho wanaiachia, haina sauti, haina hata noti. Sauti nne zote. Wimbo mzima una matundu hayo hayo aliyoyataja Mama. Nikawaambia washike ile ya mwisho, wakaipigia kelele, ikawa mbaya zaidi, "mileLE". Nifanyeje?

Na Mama, niliuliza pia rekodi nyingine ya kumfaa mtu asiyejua okestra. Naomba unitajie.

MamaChelo

Umenifurahisha sana, mwanangu. Umesikia kwenye Mozart ukakikuta kwenye "milele" yenu. Sikutarajia ifike haraka hivyo.

Wamepiga kelele kwa sababu umewaomba nguvu, na walichokosa ni urefu. Ukiwaambia "shikeni", mwili wa mwimbaji unaelewa "sukumeni". Rudi umsikilize Walter tena kwa jambo hili tu: anapoomba noti ya mwisho iishi, haombi iwe kubwa. Anaiimba ndogo na ndefu. Kwa hiyo usieleze. Imba wewe "milele", mkazo uleule mlionao, na "le" ya mwisho laini lakini kamili, pumzi ikiendelea kutembea mpaka neno linalofuata. Waimbe baada yako kwa sauti ya chini kabisa, maana kwa sauti ya chini hakuna anayeweza kujificha. Wakiipata chini, ndipo uwaruhusu wapande. Na usiseme maneno mengi. Hesabu maneno ya Walter kila anaposimamisha. Ni machache, na okestra imesharudi kupiga kabla hujamaliza kuandika.

Rekodi nyingine: Ferenc Fricsay akifanyisha mazoezi ya Vltava, muziki wa Smetana kuhusu mto wa jina hilo, Stuttgart, 1960. Hii ni filamu ya televisheni, kwa hiyo mikono unaiona. Anasema Kijerumani, zipo nakala zenye maandishi ya Kiingereza chini. Fricsay alikuwa Mhungaria, na alikuwa ametoka katika upasuaji mzito. Amekonda, unaliona hilo usoni. Alifariki Februari 1963, miaka 48 tu. Lakini mbele ya okestra ile huoni mgonjwa. Anasimulia mto wote, kutoka chemchemi zake, penye wawindaji, penye harusi ya kijijini, penye mbalamwezi, mpaka maporomoko, na kila sehemu anaimba na kuigiza. Smetana mwenyewe aliandika mto huo mwishoni mwa mwaka 1874, miezi ileile aliyopoteza kusikia kabisa. Kumbuka hilo unapoangalia jinsi Fricsay anavyohangaikia kila tone.

Ukimaliza hiyo, okestra ileile ya redio ya Stuttgart utaikuta tena mwaka 1970, safari hii mbele yake kuna Carlos Kleiber, wakiandaa muziki wa ufunguzi wa Der Freischütz, opera, na wa Die Fledermaus, opereta. Kleiber anasema sana, anatafuta mfano baada ya mfano, na mwanzoni baadhi ya nyuso hazijashawishika. Angalia nyuso. Mimi humpenda Kleiber akiwa kwenye tamasha kuliko mtu yeyote aliyewahi kushika kijiti, ila kwa kujifunza kufundisha kwaya, anza na Fricsay.

Vltava inaanza na fluti moja, ya pili inaidaka, kisha klarineti zinaingia chini yao, na nyuzi zinadonolewa huku na huku pamoja na kinubi. Hakuna mstari mmoja unaokamilika wenyewe. Kila mmoja anapokea alipoachia mwenzake. Simama hapo kwanza, kabla hata wimbo mkuu wa mto haujaingia, uangalie anavyowafundisha kupokezana. Sauti yako ya kwanza na ya pili watahitaji hilo kwenye "milele na milele", pale kwenye "na".